Nilitafuta Jina la Babu Mtandaoni, Wakatupata

Mimi ndiye niliyewaleta. Nimeona nianze hapo hapo, maana nimesoma maungamo mengi ya watu humu na wengi huzungukazunguka kwanza kabla ya kukiri. Mimi sikulazimishwa na mtu, wala simu yangu haikuibwa. Vidole vilivyoandika ni vyangu mwenyewe.

Jina langu naomba msiliweke. Mdogo wangu nitamwita Emanueli, ingawa siyo jina lake. Mkimaliza kusoma mtaelewa kwa nini.

Tuko watatu tu duniani: mama, mimi na Emanueli. Sisi ni watu wa Sudan Kusini, lakini mimi nilibebwa mgongoni kuvuka mpaka nikiwa sijafika miaka mitatu, na Emanueli alizaliwa huko huko Nakuru. Baba alifia Kenya, Emanueli akiwa bado ananyonya. Tuliambiwa ni malaria. Tuliporudi Juba tukapanga nyumba mtaa wa Malakia, mimi nikapata kazi uwanja wa ndege, upande wa mizigo. Kazi yangu ni kuandika katoni zinazoshuka kutoka Nairobi na Entebbe.

Sasa, Juba mtu hakuulizi unafanya kazi gani. Anakuuliza wewe ni wa nani. Unataja baba, unataja babu, unaendelea kupanda mpaka mwenzako aseme, ahaa, kumbe wewe ni wetu! Pale kazini kuna mzee mmoja wa zamu, huyo akianza kutaja mababu zake unaweza kunywa chai ukamaliza bado anapanda. Mimi nilikuwa nikifika kwa babu nakwama. Jina moja tu, basi.

Wakanicheka! "Huyu ni mtoto wa Kenya," walisema, "babu yake mkubwa ni chapati." Nilicheka nao, lakini nikifika nyumbani iliniuma kweli. Mtu mzima wa miaka thelathini, sijui natoka wapi.

Nikimuuliza mama, jibu lilikuwa lile lile. "Babu yako alikuwa mtu. Amekufa. Kula." Mama yangu si mkali, ila kwa jambo hilo alikuwa anafunga mdomo kama mlango. Mimi nikadhani ni uchungu wa vita. Nikadhani ana kumbukumbu mbaya, tumwache apumzike, nitatafuta mwenyewe.

Siku moja mvua ilinyesha, ndege zikachelewa, nikakaa juu ya katoni sina la kufanya. Nikafungua simu, nikaingia kwenye kikundi kimoja cha watu wa kwetu, nikaandika jina la babu kwenye sehemu ya kutafuta. Likaja! Picha ya zamani, wazee wamekaa kwenye benchi mbele ya kanisa la nyasi, na mtu ameandika majina yao chini. Wa tatu kutoka kushoto ni babu yangu. Paji la uso ni la Emanueli, masikio ni ya Emanueli, hata ule ukaaji wa kuegemea upande mmoja. Nililia pale pale, wenzangu wakadhani nimepata msiba.

Nikaandika chini ya picha: "Huyu wa tatu ni babu yangu! Mimi ni binti wa mwanawe fulani aliyekimbilia Kenya. Tumerudi, tuko Juba." Nikaweka na jina la baba, kamili.

Jamani, watu wakamiminika. Karibu nyumbani binti yetu. Mungu ni mkubwa. Damu haipotei. Nilisoma maneno yale mara kumi kumi. Sijawahi kupendwa na watu wengi hivyo kwa mara moja, na nasema ukweli, nililewa.

Kati yao alikuwako mmoja aliyenifuata pembeni kwa ujumbe. Alisema nimwite ami, yaani baba mdogo kwa Kiarabu chetu cha hapa. Picha yake ilikuwa ng'ombe mweupe mwenye pembe ndefu, uso wake hakuuweka. Alikuwa na upole! Kila asubuhi ananisalimia, anauliza tumeamkaje. Akanifundisha majina ya mababu saba, mmoja mmoja, na nani alioa wapi. Nikayakariri kwenye bodaboda nikienda kazini. Nikamkariria yule mzee wa zamu, akanipa mkono, akasema leo umezaliwa.

Na majina yale yote yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Mama aliniambia baadaye kwamba adui wa ukoo wako anaujua ukoo wako kuliko wewe.

Kidogo kidogo ami akaanza kuuliza. Mama mzima? Mzima. Mnaishi upande gani? Malakia. Watoto wa marehemu mko wangapi? Nikamwambia wawili. Hapo ndipo nikafanya lile ambalo nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke niingie. Nilichukua picha ya Emanueli akiwa kwenye joho la kuhitimu uhandisi, anacheka meno yote nje, nikaiweka kwenye kikundi mbele ya watu wote. Nikaandika: "Mtoto wa pekee wa kiume wa marehemu baba yetu. Injinia wetu! Sasa anafanya kazi hapa Buluk."

Ami aliniandikia jioni ile ile. "Wa kiume ni huyo mmoja tu?"

"Ni huyo mmoja tu, ami," nikajibu, na nikaweka kopa nyekundu.

Ole wangu!

Wa kwanza kuona kitu alikuwa Mama Sharoni. Huyu ni jirani yetu Mganda, ana duka la unga na sukari ukuta kwa ukuta na sisi, na anapika chapati. Alinishika mkono nikitoka kazini.

"Sista, mimi iko naona watu mbili jana na boda boda," alisema. "Nasimama pale, naangalia geti yenu tu. Mimi nauliza, munataka nini? Nasema wao nataka sukari. Lakini sukari hapana nunua."

"Labda walikuwa wanangoja mtu," nikamwambia.

"Eee, nangoja mtu. Sasa nangoja nani?" Akaniangalia. "Na jana ingine wao iko hapa pia."

Nilimcheka. Nilimwambia, Mama Sharoni, wewe na kuchunguza watu! Naye akarudi kukanda unga wake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumapili iliyofuata, saa tisa mchana, hodi. Wanaume wawili. Mmoja mtu mzima, shati limepigwa pasi, viatu vimefutwa vumbi; mwingine kijana wa rika la Emanueli. Wakasema kwa Kiarabu cha Juba kwamba wametumwa na ami kuja kutusalimia. Moyo wangu ukaruka kwa furaha! Mama alikuwa kwenye kikao cha akina mama kanisani, Emanueli yuko mtaa wa Buluk anacheza mpira na wenzake. Nikawakaribisha mwenyewe. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa.

Nikaleta maji ya baridi kwenye glasi. Wakasema shukran, wakayaacha. Nikachemsha chai ya maziwa, nikaagiza chapati kwa Mama Sharoni. Shukran, binti, kalas, tumeshiba. Nikaongeza sukari, nikasogeza meza karibu na magoti yao, nikawabembeleza. Yule kijana aliiangalia chai kisha akaondoa mguu wake usiguse meza. Mimi nikajiambia ni adabu. Nikajiambia watu wa nyumbani hawana pupa kama sisi wa Nakuru.

Hawakuongea mengi. Mtu mzima alisimama akaenda kwenye picha ya Emanueli ukutani, akakaa pale muda mrefu, mikono nyuma.

"Anafanana na babu yake," alisema.

"Sana!" nikasema, na mimi nikiona fahari.

"Anarudi saa ngapi?"

Sikiliza upumbavu wangu. Nilimwambia anarudi saa ngapi. Nilimwambia anapita njia gani, anashukia wapi kwenye boda. Halafu nikachukua simu, nikampigia mbele yao.

"Njoo nyumbani, tuna wageni. Ni watu wa baba!"

"Kwani tuna watu?" Emanueli akacheka. "Poa sista, wacha tumalizie hii mechi nakam. Nipee dakika ishirini."

Nikawaambia, anakuja, dakika ishirini. Yule kijana akamtazama mwenzake. Hawakutabasamu hata mmoja.

Mama ndiye aliyefika kwanza. Aliingia na mwavuli wake, akasalimia, akasimama. Hakuwaangalia nyuso. Aliangalia meza: glasi mbili zimejaa mpaka juu, vikombe viwili vya chai vimeshika utando wa maziwa, chapati zimepoa kwenye sahani. Nilimwona akihesabu vyombo kwa macho. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Njoo jikoni unisaidie."

Jikoni alinishika mkono hapa juu ya kiwiko. Kucha ziliingia.

"Wamekunywa nini?"

"Hawajanywa, mama."

"Hata maji?"

"Hata maji. Wanasema wameshiba."

"Mtu aliyeshiba hunywa maji," mama alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Hawa ni watu gani? Umewatoa wapi?"

Nikamweleza kwa haraka, kikundi, picha, ami. Nilikuwa bado nadhani atanigombeza kwa kutomwomba ruhusa. Hakugombeza. Aliuliza neno moja tu.

"Emanueli?"

"Nimempigia. Yuko njiani."

Sijawahi kuona uso wa mama yangu hivyo na sitaki kuuona tena. Kwetu, aliniambia kwa mnong'ono huku akigongagonga sufuria ili wasikie kama anapika, watu wenye damu kati yao hawali wala hawanywi chombo kimoja. Hata kijiko. Mpaka wazee wakae, ng'ombe wa fidia watolewe, kafara ifanywe. Ukinywa maji ya nyumba iliyomwaga damu yenu, unakufa wewe. Kila mtoto wa kwetu analijua hilo kabla hajaota meno ya pili. Mimi peke yangu sikulijua, kwa sababu nimekulia kwenye ploti Nakuru ambako mgeni akikataa chai tunasema anaringa.

Nikampigia Emanueli. Ikalia mpaka ikakata. Nikapiga tena. Alikuwa keshapanda boda.

"Mimi narudi kukaa nao," mama alisema. "Wewe pita nyuma."

Nyuma ya choo chetu bati limeachia, unapita kiubavu unatokea uani kwa Mama Sharoni. Nilifika hata pumzi sina. Nilisema tu, "Emanueli asifike nyumbani." Huyu mama hakuniuliza kwa nini. Hakunikumbusha kwamba alinionya. Alijifuta unga kwenye leso.

"Wewe rudi ndani, wao natafuta wewe," akasema. "Mimi naenda."

Nikarudi, nikakaa kwenye kigoda, nikaweka simu magotini. Mama alikuwa anawauliza habari za mvua na mashamba, nao wanamjibu vizuri, kwa heshima, mama hivi, mama vile. Nilisikia pikipiki inakuja. Tulisikia sote. Yule kijana akainuka nusu, mkono umeingia chini ya shati. Pikipiki ikapunguza, sauti ya Mama Sharoni ikapaa mtaani, "Wewe kijana! Njoo saidia mimi na gunia, mimi iko peke yangu!" Halafu pikipiki ikaondoka.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Emanueli: "Sista nini mbaya? Huyu mathe amenifungia store."

"Ni yeye?" kijana akaniuliza.

"Ni kazini," nikasema. "Wananiita kesho mapema." Sijui nilipata wapi sauti ile.

Wakakaa saa nzima. Saa nzima, jamani! Ukuta kwa ukuta, ndugu yangu yuko nyuma ya magunia ya unga, na mimi naangalia chai inavyopoa. Hatimaye yule mtu mzima akasimama, akanyoosha suruali yake. Akamwangalia mama.

"Mama, hunikumbuki?"

"Nakukumbuka," mama akasema. "Wewe ni mdogo wake. Ulikuwa mtoto. Ulikuwa unachunga ndama."

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi niliyemkuta."

Wakatoka. Hawakufunga geti. Glasi zilibaki zimejaa, mama akaenda kuyamwaga maji yale nje barabarani kisha akazivunja glasi zote mbili kwa jiwe.

Siku ile ndiyo niliyoambiwa baba yangu ni nani. Alimuua mtu, kijana mwenzake, kaka wa yule mgeni mtu mzima, kwa mkuki, kwenye ugomvi wa malisho. Wazee walitaka kusuluhisha, lakini vita ikatawanya kila mtu kabla hawajakaa. Mama alinibeba akakimbia na baba, na akaamua kwamba wanawe hawatajua hata jina la kijiji. Kwa sababu deni la namna hiyo halifi na mtu. Linamngoja mwanawe wa kiume, na wenye damu hawachukui yeyote tu. Wanamchukua aliye bora, aliyesoma, yule anayetegemewa. Na mimi nilikuwa nimewaonyesha, na joho nikamvalisha.

Emanueli hakulala tena nyumbani kwetu, alilala stoo kwa Mama Sharoni. Mama Sharoni alizungumza na shemeji yake mwenye lori linalokwenda Nimule, mpakani na Uganda, na siku ya tatu mdogo wangu akaondoka. Kazi ameiacha bila kuaga. Mchumba wake anadhani amemkimbia, na mama amekataza aambiwe ukweli. Mama hakutaka apande ndege, kwa sababu ndege zinapita mikononi mwangu. Mimi nilikwenda kazini asubuhi ile kama kawaida, niliporudi matandiko yake kule stoo yalikuwa yamekunjwa.

"Amekwenda wapi?" niliuliza.

"Wewe usijue," mama akasema. "Wewe ukijua kitu unakiandika."

Hakunitukana zaidi ya hapo. Ananipikia, ananifulia, tunasali pamoja. Lakini namba mpya ya Emanueli anayo yeye peke yake, na akiongea naye huenda nje uani. Nasikia anacheka naye kidogo, kisha anarudi ndani, uso umefungwa. Majuto ni mjukuu, wazee walisema, na mjukuu huyu ananilalia kifuani kila siku.

Nilifuta kila kitu. Picha, maneno, majina ya mababu saba. Nilijitoa kikundini. Nikamfungia ami asinifikie. Nikadhani angalau upande huo umekwisha.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike, kwa sababu hayo yote mliyosoma mama anayajua. Hili halijui.

Siku tisa zilizopita nilipata ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemjua. Hana picha. Aliandika hivi: "Habari za asubuhi binti yetu. Mmeamkaje? Nimesikia kule aliko ndugu yako kuna baridi sana. Mwambie avae sweta."

Nilisimama katikati ya katoni nikausoma tena na tena. Kwa sababu kabla Emanueli hajaondoka niliona mama akimkunjia sweta mbili kwenye begi, zile za zamani za Nakuru. Nani anavaa sweta Juba? Mimi dada yake sijui yuko mji gani, na huyu anajua hali ya hewa ya pale.

Namba ya Emanueli sina. Njia ya kumfikia ni moja, ni mama. Na nikimwambia mama, atajua kwamba hata alikomficha wameshafika, na ataniangalia tena kwa uso ule wa jikoni. Siku tisa nimekaa na ujumbe huu! Nakula naye, nasali naye, nanyamaza. Kosa la kwanza nililifanya kwa ujinga, na Mungu huenda akanisamehe. Hili la pili nalifanya kwa woga, huku najua. Kila siku ninayoiacha ipite ni ya uhai wa Emanueli.

Wenzangu mliokulia ugenini mkarudi, mkachekwa kwa kutojua majina ya mababu, nawasihi: vumilieni kuchekwa. Kicheko hakiui. Mzazi wako akinyamaza juu ya jambo miaka ishirini, usiseme amesahau. Kaa naye chini umuulize anamwogopa nani, kabla hujakwenda kuwauliza watu wasio na sura. Na picha ya ndugu yako si mali yako, hata kama unampenda kiasi gani. Mimi nilimpenda mno, ndiyo maana niliiweka.

Na kama tayari umekosea, na unajua jambo ambalo mwenzako hajui, usifanye kama mimi. Usingoje hata siku ya pili.

Mama yuko uani anaanua nguo. Ameniita mara mbili nikamshikie shuka tukunje. Naweka simu chini, naenda kumwambia.